"Nzuri, ila…"

Muulize mtu wa kwetu habari za nyumbani, atajibu "nzuri" kabla hujamaliza swali. Usiondoke. Subiri kidogo. "Nzuri, ila mtoto amelazwa." "Nzuri tu, ila juzi tumefiwa." Habari yenyewe iko kwenye "ila", ile "nzuri" ilikuwa ya kukukaribisha mlangoni tu.

Jirani yangu anauza chakula karibu na kituo cha daladala. Asubuhi moja nilimkuta amesimama na mwiko mkononi, maharage yanaungua mbele yake, moshi umetanda, na yeye hana habari. Nilimwita mara mbili.

"Nina mawazo, kaka," akasema.

Nami nikamjibu kama ambavyo mtaa mzima ungemjibu: "Acha mawazo, dada. Utapata presha bure."

Akacheka kwa adabu, akaanza kukwangua sufuria.

Jibu langu lilinisumbua siku nzima. Madaktari na watangazaji wa redio wanalipenda neno sonona, lakini sijasikia mtu yeyote kibarazani akisema ana sonona. Watu wana mawazo. Usingizi unakatika saa tisa usiku na haurudi. Chakula hakipiti. Moyo unaenda mbio na hakuna anayeukimbiza. Mwenye mawazo akifika zahanati hupimwa malaria, akapimwa na taifodi, akarudi nyumbani na dawa za vidonda vya tumbo. Halafu sisi tunamwambia aache. Ingekuwa kuacha kunawezekana, angeacha ile saa tisa.

Washona wa Zimbabwe wana neno ambalo ni ndugu wa mawazo yetu: kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Kwao kufunga ni kufikiri. Lakini sikio la Mswahili linasikia mtu aliyefungiwa ndani ya kichwa chake, na sidhani kama linakosea sana.

Mwaka 2005 serikali ya nchi hiyo ilibomoa vibanda na makazi ya watu mijini katika operesheni iliyoitwa Murambatsvina. Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba watu wapatao 700,000 walipoteza makazi, riziki, au vyote viwili. Ni katika mwaka huo huo ambapo Dk. Dixon Chibanda, mmoja wa madaktari wachache wa magonjwa ya akili nchini humo, alimpoteza mgonjwa wake, msichana aliyejiua. Alipomuuliza mama mtu kwa nini hawakuja hospitali, aliambiwa walikosa nauli. Dola 15 za basi.

Mwaka uliofuata Chibanda alikwenda Mbare, mtaa wa watu wengi jijini Harare, kutafuta namna ya kuwafikia wagonjwa badala ya kuwasubiri. Hakupewa chumba wala wauguzi. Alichopata ni bibi 14, wahudumu wa afya wa kujitolea, na nafasi nje ya kliniki. Wakaweka benchi. Daktari akaliita benchi la afya ya akili, na watu wakalikwepa. Nani akae pale aonekane kichaa? Tunaifahamu hofu hiyo: kwetu Tanzania kutaja hospitali ya akili ya Mirembe tu kunatosha kuwa tusi. Bibi wakamwambia jina hilo halifai, na leo dunia inalijua kama Benchi la Urafiki.

Kinachofanyika pale ni kidogo kuliko unavyodhani. Bibi anakaa na mtu mmoja, anamwacha aseme yote. Hatua hiyo wanaiita kuvhura pfungwa, kufungua fikra. Yakishamwagika, mgeni anachagua tatizo moja. Mgeni ndiye anayechagua, si bibi. Wanatafuta hatua moja ndogo inayowezekana kabla hawajaonana tena. Akirudi anaulizwa imekuwaje. Deni halijalipwa, mume hajarudi, lakini kuna kitu kimoja kimesogea.

Matokeo ya utafiti wao yalichapishwa mwaka 2016 katika jarida la kitabibu la JAMA. Walihusishwa watu 573 katika kliniki 24 za Harare. Baada ya miezi sita, dalili za sonona zilikuwa zimebaki kwa asilimia 13.7 ya waliokaa na bibi. Kwa waliopata huduma ya kawaida, asilimia 49.9.

Mabenchi hayo yamefika hadi Zanzibar. Utasema Mzanzibari hahitaji kufundishwa kukaa barazani, na nyumba zake za Mji Mkongwe zimejengwa na baraza kabisa. Mimi nina shaka. Barazani kwetu tunamaliza siasa na mpira, na mwanamume anaweza kunywa kahawa hapo miaka kumi asitaje deni lake hata siku moja. Ana sababu: lililosemwa barazani asubuhi, jioni liko sokoni. Benchi la bibi ni la watu wawili.

Lina mipaka pia. Anayesema hataki tena kuishi asiachiwe benchi peke yake. Apelekwe hospitali, na bibi wa Harare wanafanya hivyo. Ila hapa kwetu Kanuni ya Adhabu inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa, kwa hiyo wengi wanafunga midomo. Kenya, Mahakama Kuu ilikitangaza kifungu cha namna hiyo kuwa kinyume cha katiba Januari 2025.

Wiki iliyofuata nilirudi kwa jirani yangu wakati wateja wa chai wamepungua, nikakaa kwenye benchi lake.

"Ulisema una mawazo. Unawaza nini hasa?"

Akanitazama kuona kama namtania, kisha akahesabu kwa vidole. Mkopo wa kausha damu, rejesho kila siku, mauzo yawepo yasiwepo. Ada ya mtoto. Mume yuko machimboni, mwezi wa pili simu yake haipatikani. Na mguu wa mama yake, umevimba, yeye ndiye anayempeleka hospitali kila Jumatano na siku hiyo hapiki.

Nilikuwa na maoni juu ya yote manne. Nikayameza, kwa shida.

"Tuanze na lipi?"

Nilikuwa na hakika atasema mkopo.

"Mguu wa mama," akasema. "Kaka yangu yupo Mbagala. Sijamwambia."

"Kwa nini?"

"Ataona namwomba hela." Akanyamaza. "Nataka Jumatano moja tu."

Akatoa simu kwenye mfuko wa aproni. Haikuwa na salio, akabipu, akaiweka juu ya meza kati ya chumvi na pilipili. Tukaitazama wote wawili. Ikaita.

"Nzuri, kaka," alisema, akanipa mgongo. "Ila…"

Nikachukua mwiko, nikakoroga maharage.