Je, Aliyesikia Dini ya Kikristo Amelazimika Kuisadiki?

Mazungumzo yetu ya leo ni juu ya swali ambalo wanafunzi huliuliza, na wazee pia hulizungumza barazani: mtu akiisha kuhubiriwa dini ya Kikristo, je, amelazimika kuisadiki? Maana yuko mhubiri asemaye, “Sasa mmekwisha kusikia, hamna udhuru tena.” Na yule aliyesikia hujiuliza moyoni, “Nimesikia sauti ya mtu tu. Je, sauti hiyo imenifunga kwa kitu gani?”

Lugha yetu yenyewe huchanganya jambo hili kidogo. Tukisema mtoto fulani hasikii, hatusemi kuwa ni kiziwi. Twasema kuwa hatii. Basi katika Kiswahili kusikia na kutii hukaa nyumba moja, na ni rahisi kudhani kuwa neno likiisha kuingia sikioni kazi imekwisha. Lakini yako mambo matatu ambayo ni lazima tuyatenge. Liko kusikia, ambako humjia mtu apende asipende. Liko kusikiliza, ambako ni tendo lake mwenyewe. Tena liko kusadiki, ambako ni jambo la moyo na akili pamoja. Swali letu ni kama lile la kwanza huvuta lile la tatu kwa lazima.

Mabishano makubwa juu ya swali hili yalifanyika katika nchi ya Hispania, karibu miaka 500 iliyopita. Wala hayakuwa maneno ya wataalamu ya kupitisha wakati, kwa kuwa nchi nzima nzima, na uhuru wa watu, na roho zao, zilitegemea jawabu. Merikebu za Hispania zilikuwa zimefika Amerika mwaka wa 1492, na askari wakawa wanateka nchi za wenyeji na kuwatia watu utumwani. Watu wengine wa Hispania, hasa watawa, walilalamika wakiuliza ni kwa haki gani. Ndipo mwaka wa 1513 mwanasheria mmoja wa mfalme, jina lake Juan López de Palacios Rubios, alipoandika waraka wa kusomewa wenyeji kabla ya kupigwa vita.

Waraka huo ulieleza kwamba Mungu mmoja aliumba mbingu na nchi. Kwamba alimweka Petro Mtakatifu juu ya watu wote. Na kwamba Papa, aliyeshika mahali pa Petro, amewapa wafalme wa Hispania visiwa hivi na bara hii. Kisha wenyeji wakaambiwa wakubali ukuu wa Kanisa na wa mfalme, na wawaache wahubiri wahubiri. Waraka wenyewe ulisema kuwa hawatalazimishwa kuwa Wakristo. Lakini wasipokubali ukuu huo, watapigwa vita, wao na wake zao na watoto wao watafanywa watumwa, mali yao itachukuliwa, na hatia ya damu itakayomwagika itakuwa juu yao wenyewe. Karani alikuwapo, aandike kwamba waraka umesomwa kama sheria itakavyo.

Ulisomwa kwa Kihispania. Mara nyingine hapakuwa na mkalimani. Mara nyingine ulisomewa kijiji ambacho watu wake wamekwisha kukimbia, nyumba tupu zikawa ndizo wasikilizaji. Bartolomé de las Casas, mtawa aliyewatetea wenyeji, aliandika kuwa alipoufikiria waraka huo hakujua kama acheke au alie.

Lakini walikuwapo walioelewa, na jawabu lao limehifadhiwa na mtu wa upande wa pili, Martín Fernández de Enciso, katika kitabu chake cha mwaka 1519. Anasimulia habari za wakuu wawili wa nchi ya Cenú, iliyo katika Kolombia ya leo. Walipofasiriwa maneno yale, walisema kwamba habari ya Mungu mmoja ni nzuri nao waikubali. Ama habari ya Papa kugawa nchi, walisema kwamba bila shaka alikuwa amelewa, maana alitoa kisicho chake; na mfalme aliyeomba kipawa hicho alikuwa na wazimu, maana aliomba mali ya wengine. Angalia jinsi walivyopima. Hawakukataa yote kwa hasira, wala hawakukubali yote kwa hofu. Walichambua neno kwa neno, kama achambuavyo mtu mchele. Enciso anasema kuwa baada ya hayo aliiteka nchi yao kwa nguvu.

Mfano ulio maarufu kupita huo ni wa Peru. Tarehe 16 Novemba 1532, katika mji wa Cajamarca, mtawa Vicente de Valverde alimwendea mfalme Atahualpa na mkalimani, akamweleza habari za dini na kumpa kitabu. Atahualpa alikitazama kitabu, kisha akakitupa chini. Askari waliokuwa wamejificha wakatoka, wakawaua watu maelfu katika jioni moja, na mfalme akakamatwa. Mwaka uliofuata alihukumiwa kuchomwa moto. Alikubali kubatizwa, basi badala ya kuchomwa, akanyongwa. Sijui ni mwalimu gani wa dini awezaye kusema kwamba hapo palikuwa na kusadiki.

Habari za Peru zilifika chuo kikuu cha Salamanca, na huko alikuwako mtawa wa shirika la Mtakatifu Dominiko, jina lake Francisco de Vitoria, mwalimu mkuu wa elimu ya Mungu tangu mwaka 1526. Mwaka 1534 alimwandikia mtawa mwenzake kuwa habari hizo zinamtia hofu kuu. Mwaka 1539 akasimama mbele ya wanafunzi na kulijadili swali letu waziwazi.

Jawabu lake lilikwenda kwa daraja. Kwanza, asiyepata kusikia habari za Kristo hana dhambi kwa kutosadiki, maana mtu hawezi kudaiwa asichokijua. Pili, hata aliyesikia hakulazimika kusadiki kwa ajili ya kuambiwa tu kwamba dini hii ni ya kweli, ikiwa hakupewa hoja, wala dalili, wala ushahidi wowote. Vitoria alikwenda mbali zaidi: kusadiki upesi jambo kubwa namna hiyo, bila kujua asemaye ni mtu gani, ni kukosa busara. Tatu, mtu akiombwa kwa amani asikilize mafundisho ya dini, akakataa hata kusikiliza, huyo ana hatia. Na nne, dini ikielezwa kwa hoja zenye akili, si mara moja kwa haraka bali kwa bidii, na wale waielezao wakiwa na mwenendo mwema unaopatana na maneno yao, hapo ndipo yule asikilizaye hupata wajibu mbele ya Mungu wa kuipokea.

Kisha Vitoria akasema neno lililowachoma wengi. Alisema kwamba hana hakika kuwa dini imekwisha kupelekwa kwa wenyeji wa Amerika kwa namna ya kuwalazimu kusadiki. Alikiri kuwa wako watawa wengi waliofanya kazi njema. Lakini miujiza hakuisikia, na aliyoyasikia ni maovu na ukatili. Kwa hiyo mwenendo wa mhubiri si pambo la mahubiri, bali ni sehemu ya ushahidi wenyewe. Mwisho akaongeza kuwa hata kama dini imeelezwa vizuri kabisa, na watu wakaikataa, kukataa huko si sababu ya kuwapiga vita wala kuwanyang’anya mali. Wajibu wa mtu kwa Mungu haumpi mtu mwingine upanga.

Tusimsifu kupita kiasi. Vitoria huyo huyo alifundisha kuwa wenyeji wakiwazuia wahubiri kwa nguvu, Wahispania waweza kuwapiga vita kwa ajili hiyo, na mlango huo ulikuwa mpana kwa mtu atafutaye kisingizio. Hata hivyo mfalme Karoli hakufurahi. Tarehe 10 Novemba 1539 alimwandikia mkuu wa nyumba ya watawa wa Salamanca akiamuru majadiliano hayo yakome.

Liko jambo moja katika hoja za Vitoria ambalo kwetu sisi wa Afrika ya Mashariki si geni. Aliuliza: kama Waislamu nao wangekwenda kwa watu hao hao wakati uleule, wakatangaza dini yao kwa maneno matupu kama Wakristo, je, wenyeji wangejuaje ni ipi ya kufuata? Hawalazimiki kubahatisha. Salamanca neno hilo lilikuwa mfano wa darasani tu. Katika Buganda lilitokea kweli.

Kabaka Mutesa alikuwa amejifunza Uislamu kwa wafanya biashara waliotoka pwani, hata akafunga Ramadhani miaka kadha. Mwaka 1875 akaja Stanley akamweleza Ukristo, akamwachia kijana aitwaye Dallington, aliyesomeshwa katika shule ya misheni Unguja, ili amsomee Maandiko kwa Kiswahili. Mwaka 1877 wakafika wamisionari wa Kiprotestanti kutoka Uingereza, na mwaka 1879 mapadre Wakatoliki kutoka Ufaransa. Barazani kwa Kabaka, Mackay Mprotestanti na Lourdel Mkatoliki wakabishana mbele ya watu wote, kila mmoja akisema mwenzake amekosa. Mutesa akauliza atajuaje lililo kweli, ikiwa kila taifa la Wazungu lina dini yake.

Wako waliomlaumu wakisema alikuwa akicheza na wageni wake kwa ajili ya bunduki na siasa. Yamkini hayo nayo yalikuwamo. Mfalme hukosa mara chache sababu za kifalme. Lakini swali lake lilikuwa swali la haki. Alikuwa amesikia kupita watu wote wa nchi yake, tena alikuwa amesikiliza, na ushahidi uliowekwa mbele yake ulikuwa ukijipinga wenyewe.

Hapa naona hoja ya Vitoria imeacha shimo. Asema wajibu huja ushahidi ukitosha. Lakini ni nani ahukumuye kuwa umetosha? Mhubiri husema umetosha tangu siku ya kwanza. Vitoria alijifanya hakimu kwa niaba ya wenyeji wa Amerika, akawahukumia kwa haki, ila hakuna mwenyeji aliyeulizwa. Mizani hiyo haiwezi kushikwa na mtu mwingine, kwa sababu kinachopimwa kimo ndani ya moyo wa asikilizaye. Kanisa Katoliki lenyewe, katika Mtaguso wa Pili wa Vatikano, lilitangaza tarehe 7 Desemba 1965 kuwa mtu asilazimishwe na mtu wala na serikali kutenda kinyume cha dhamiri yake katika mambo ya dini, na kuwa ana wajibu wa kuitafuta kweli. Wajibu wa kwanza uliotajwa hapo ni wa kutafuta, nao mtu aweza kuutimiza maisha yake yote.

Katika baraza lile lile la Mutesa walikuwako vijana watumishi waliosikia maneno yale yale, kwa vinywa vile vile, pamoja na mabishano yale yale. Wao walisadiki. Wa kwanza walibatizwa na mapadre mwaka 1880, na wengine na Waprotestanti mwaka 1882. Watu wakawaita wasomaji. Mutesa alifariki mwezi wa Oktoba 1884, hakubatizwa na upande wowote. Chini ya mwanawe Mwanga, kati ya miaka 1885 na 1887, wasomaji wengi waliuawa, na kundi kubwa lilichomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886, baada ya kuambiwa waache walilolisadiki.