Mali bila daftari: Wenye gesti Mikumi waulize orodha ya vifaa kabla ya kulipa

Mji wa Mikumi, wilayani Kilosa, unaishi kwa wapita njia. Barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Zambia inaleta madereva wa malori, na Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, inaleta watalii. Kwa mwenye gesti, gharama inayouma kila mwezi ni umeme.

Ndiyo maana vifaa vinavyoongozwa kwa intaneti, yaani swichi, viyoyozi, pampu na kufuli, vina mvuto sokoni. Pamoja navyo imekuja bidhaa mpya: wakala wa akili mnemba, programu inayopokea agizo kwa maneno ya kawaida, kama vile "zima viyoyozi vya vyumba vitupu", na kulitekeleza yenyewe.

Wakala huyo haoni jengo. Anachokiona ni orodha anayoletewa na chombo maalumu cha programu, ambacho kazi yake ni kutaja vifaa vilivyopo: namba ya kila kifaa, jina, chumba, aina, na hali yake kwa saa hiyo. Novemba 2024 kampuni ya Anthropic ya Marekani ilitoa utaratibu uitwao MCP, unaowezesha mawakala kutumia vyombo vya namna hiyo kwa lugha moja. Home Assistant, programu ya bure ya kuendesha vifaa vya nyumbani iliyoanza mwaka 2013, iliupokea utaratibu huo katika toleo lake la Februari 2025.

Kwa mnunuzi, kiini cha biashara kimo katika maelezo ya chombo hicho. Wakala huyasoma maelezo hayo kama karani mgeni anavyosoma maagizo ya ghala. Yakiwa pungufu, atakisia.

Chukua mfano wa gesti yenye viyoyozi vitano vilivyoachwa vikiwaka katika vyumba vitupu, kila kimoja kikila uniti 1 kwa saa. Kwa bei ya daraja la T1 iliyopangwa mwaka 2016, uniti ni Sh. 292, na ukijumlisha kodi na tozo inafika takriban Sh. 356. Kwa saa nane za usiku ni uniti 40, sawa na Sh. 14,240.

Sasa tuseme mtandao umekatika upande mmoja wa jengo, na viyoyozi vitatu vinaonekana kwenye orodha kuwa "havipatikani". Kama maelezo hayasemi kwamba neno hilo maana yake ni "hali haijulikani", wakala anaweza kulichukulia kuwa "vimezimwa" na kumjibu mwenye gesti kwamba kazi imekwisha. Uniti 24 zimepotea usiku huo, yaani Sh. 8,544. Zikipotea kila usiku kwa siku 30, hasara ni Sh. 256,320.

Wateja wa TANESCO wana kumbukumbu ya karibu ya umuhimu wa orodha. Kabla ya tarehe 24 Novemba 2024 mita za LUKU zilitakiwa kuboreshwa kwa kuingiza tarakimu za ziada, kwa kuwa hesabu ya dakika iliyoanzia mwaka 1993 ndani ya mfumo wa tokeni ilikuwa inafikia ukomo. Mwenye mita kadhaa alipaswa kujua ipi ni ya mlango upi, kwani tarakimu za mita moja haziingii katika nyingine.

Kuna pia suala la usalama. Orodha inayotaja kufuli na taa za kila chumba inaonyesha nani yupo na nani ametoka. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na mwenye biashara anayetunza taarifa za wageni anahusika nayo. Home Assistant humruhusu mwenye mfumo kuchagua vifaa vitakavyoonekana na wakala. Kufuli za vyumba zinaweza kuachwa nje.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa fedha, mnunuzi amtake muuzaji aonyeshe kwa maandishi mambo manne. Kwanza, kama chombo kinasoma tu au kinaweza pia kuwasha na kuzima. Pili, maana ya kila neno la hali, hasa "hakipatikani". Tatu, saa ambayo hali hiyo ilisomwa mara ya mwisho. Nne, vifaa gani vimefichwa, na nani ana ruhusa ya kuvifichua.

Aidha, majina yaandikwe vizuri tangu siku ya kufunga vifaa. "Kiyoyozi chumba 7" kinaeleweka. "AC mpya" itamchanganya wakala na mhudumu wa zamu pia. Kazi hiyo kwa gesti ya vyumba 12 ni ya mchana mmoja, na haihitaji mtaji.