Kumrudisha Kijana Aliyepotoshwa: Kazi ya Mwanazuoni na Wajibu wa Mtaa

Sifa zote njema anastahiki Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), ahli zake na Swahaba zake. Ama ba'd:

Lipo swali ambalo familia humuuliza imamu kwa sauti ya chini, baada ya swala, watu wakishatawanyika: Kijana wetu aliingia katika kundi la watu wenye itikadi kali. Sasa ametoka gerezani, au amerudi mwenyewe na anasema amejuta. Je, tumpokee? Na shekhe amfanyie nini?

Tumeona tulieleze swali hili kwa urefu kidogo, kwa kuwa jibu lake si la shekhe peke yake.

Si jambo la mbali na sisi

Siku ya Ijumaa, tarehe 7 Agosti 1998, mabomu yalilipuka katika balozi za Marekani jijini Dar es Salaam na Nairobi. Dar es Salaam walikufa watu 11, na Nairobi watu 213. Bomu la hapa kwetu liliandaliwa katika nyumba ya kupanga Ilala, jirani kabisa na Kariakoo.

Mmoja wa waliotiwa hatiani New York mwaka 2001 na kufungwa maisha ni Khalfan Khamis Mohamed, kijana wa Zanzibar. Maelezo yaliyotolewa katika kesi yake yanafaa kusomwa na kila mzazi. Aliacha shule, akaja Dar es Salaam kufanya kazi katika duka la kaka yake. Akasikia habari za Waislamu wanaouawa Bosnia, akataka kwenda kuwasaidia. Mwaka 1994 akasafiri hadi kambi ya mafunzo Afghanistan. Tuzingatie mwanzo wake: alianza kwa kuwaonea huruma Waislamu wenzake, na huruma ile ikapata mwalimu mbaya.

Tarehe 25 Agosti 2021, mtu mwenye silaha aliwaua askari polisi watatu na mlinzi mmoja karibu na Ubalozi wa Ufaransa, hapa hapa Dar es Salaam, kisha naye akauawa. Jeshi la Polisi lilieleza baadaye kwamba mtu huyo alijifunza itikadi hiyo kupitia mitandao. Mwaka 1994 kijana alilazimika kusafiri kumfuata mwalimu wa namna hiyo. Leo anaweza kukaa naye dukani mchana kutwa, kwenye simu, huku akisubiri wateja.

Hatua ya kwanza: kumsikiliza, kisha kumjibu

Mfano mkubwa wa kazi hii ni wa Abdullah bin Abbas (RA). Khawarij walipojitenga na Sayyidna Ali (RA) na kukusanyika Harura, walikuwa wasomaji wa Qur'ani na watu wa ibada nyingi, lakini walimkufurisha Khalifa na walio pamoja naye. Ibn Abbas aliomba ruhusa, akaenda mwenyewe katikati yao. Hakuanza kwa kuwalaani. Aliwauliza wana malalamiko gani.

Wakataja matatu. La kwanza, Ali amewafanya watu kuwa waamuzi katika jambo la Allah. La pili, amepigana na hakuchukua mateka wala ngawira. La tatu, amefuta jina la Amiri wa Waumini katika hati ya suluhu.

Akawajibu moja baada ya jingine, kwa dalili wanazozikubali wao wenyewe. Katika la kwanza aliwakumbusha kwamba Qur'ani yenyewe imeweka waamuzi katika ugomvi wa mume na mke (An-Nisaa: 35) na katika fidia ya aliyewinda akiwa katika ihramu (Al-Maida: 95). Katika la pili aliwauliza kama wangeridhia Mama Aisha (RA) awe mateka, naye ni mama wa Waumini kwa nassi ya Qur'ani (Al-Ahzab: 6). Katika la tatu aliwakumbusha Hudaybiya, pale Mtume (SAW) mwenyewe alipokubali jina la utume lifutwe katika mkataba. Kila alipomaliza moja aliwauliza kama wameridhika, ndipo akaenda kwenye linalofuata. Katika riwaya mashuhuri walikuwa elfu sita, na wakarejea elfu mbili.

Hapa tunapata mafunzo. Mwanazuoni aliwafuata walipo. Alitaka kuijua hoja kabla ya kuijibu. Wala hakuvunjika moyo kwa sababu waliobaki ni wengi kuliko waliorejea.

Khutba ya Ijumaa ya kulaani ugaidi ni wajibu, lakini mara nyingi huwafikia wale ambao tayari wanauchukia. Kijana mwenye shubha hasemi mbele ya watu. Atakuja pembeni baada ya darsa, kati ya Maghribi na Isha, aulize kuhusu kipande cha video alichotumiwa. Shekhe akimwambia "nyamaza, haya ni ya wahuni", swali litarudi kwenye simu likajibiwe huko. Kwa hiyo anayefanya kazi hii anahitaji elimu ya fiqhi na tafsiri, na pia kifua kipana cha kusikiliza maneno yanayomuudhi.

Hatua ya pili: toba, na haki za watu

Baada ya shubha kuondoka, linabaki lililotendwa. Katika Surat Al-Maida, aya ya 33 na 34, Allah (SW) ametaja adhabu kali ya wanaoeneza ufisadi kwa silaha, kisha akawatoa waliotubu kabla ya kukamatwa.

Wafasiri, akiwemo Tabari na Ibn Kathir, wametaja hapa kisa cha Ali al-Asadi, mtu aliyekata njia, akaua na kupora mali. Alimsikia msomaji akisoma aya ya Surat Az-Zumar inayowakataza waliopindukia mipaka wasikate tamaa na rehema ya Allah. Akamwomba airudie. Akaingia Madina usiku, akaoga, akaswali Alfajiri katika msikiti wa Mtume (SAW), akaketi karibu na Abu Hurayra (RA). Kulipopambazuka watu wakamtambua, wakamwinukia. Akawaambia kwamba amekuja mwenyewe, ametubu kabla hawajamtia mkononi. Abu Hurayra akasema kwamba amesema kweli, akamshika mkono, akampeleka kwa Marwan bin al-Hakam, aliyekuwa gavana wa Madina.

Kitendo hiki kina mambo mawili. Abu Hurayra alimkinga mtu yule na hasira za watu, lakini hakumficha. Alimfikisha mbele ya mwenye mamlaka. Ndivyo anavyopaswa kuwa mwanazuoni leo. Hana mamlaka ya kufuta kesi. Tanzania ina Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya mwaka 2002, na hukumu ni kazi ya mahakama. Akiambiwa kuna mpango wa kumwaga damu, haijuzu kwake kuufunika kwa jina la siri ya ushauri, kwani kulinda nafsi za watu kumetangulia.

Wanazuoni wengi wamebainisha pia kwamba toba ya kabla ya kukamatwa huondoa adhabu iliyo haki ya Allah, ama haki za wanadamu hubaki: damu, majeraha na mali, mpaka wenyewe walipwe au wasamehe. Shekhe anayemwambia kijana "umeshatubu, yaliyopita yamepita" bila kumkumbusha mjane na yatima aliowaacha nyuma, hajamaliza kazi. Na aliyetubu baada ya kukamatwa, mlango wa Allah haujafungwa kwake, ingawa atatumikia kifungo chake.

Tutanabahishe jambo jingine. Kushtakiwa si kutiwa hatiani. Masheikh wa Uamsho wa Zanzibar walikaa mahabusu zaidi ya miaka sita kwa mashtaka ya ugaidi, kisha mashtaka hayo yakafutwa Juni 2021. Mtu ambaye mahakama haikumtia hatiani asiitwe gaidi mtaani wala asidaiwe toba ya asilolifanya. Dhuluma ya namna hiyo ndiyo wapotoshaji wanayoitafuta, wapate la kuwaambia vijana.

Hatua ya tatu: mahali pa kurudi

Bukhari na Muslim wamepokea hadithi ya Abu Said al-Khudri (RA) kuhusu mtu aliyeua watu tisini na tisa. Alimwendea mtu wa ibada asiye na elimu, akamwambia hana toba, naye akamuua, wakatimia mia. Akaelekezwa kwa mwanazuoni. Huyu alimwambia kwamba hakuna wa kumzuia na toba, kisha akamwelekeza aende katika mji fulani wenye watu wanaomwabudu Allah, aishi nao, wala asirudi katika nchi yake kwa kuwa ni nchi mbaya.

Wengi husimulia hadithi hii kwa ajili ya sehemu ya kwanza tu. Lakini mwanazuoni yule alitoa mambo mawili: fatwa, na anwani. Alijua kwamba toba isiyo na watu wa kuilea ni ngumu kudumu.

Singapore walilizingatia hilo. Baada ya wafuasi wa Jemaah Islamiyah kuanza kukamatwa mwishoni mwa 2001, masheikh na maustadhi wa huko waliunda mwaka 2003 kikundi cha kujitolea cha kuzungumza na waliozuiliwa. Kazi haikuishia gerezani. Familia zilisaidiwa, watoto wakaendelea na masomo, na waliotoka waliendelea kufuatwa kwa nasaha. Kenya nako, Aprili 2015, baada ya mauaji ya Chuo Kikuu cha Garissa, serikali ilitangaza msamaha kwa vijana waliotoka al-Shabaab na kujisalimisha. Lakini Pwani wapo waliorudi wakaishi na hofu mbili: kundi walilolihama, na kushukiwa na majirani na vyombo vya dola. Msamaha uliwafungulia njia, ila wengi hawakupata pa kukaa kwa amani.

Kazi hii ina hatari pia kwa mwanazuoni mwenyewe. Sheikh Mohammed Idris, mwenyekiti wa Baraza la Maimamu na Wahubiri wa Kenya, alipinga waziwazi vijana kuitwa kwenye mapigano, akafukuzwa na vijana katika Msikiti wa Sakina, Mombasa. Tarehe 10 Juni 2014 aliuawa kwa risasi Likoni. Allah amrehemu. Mwanazuoni akiachwa asimame peke yake mbele, anakuwa shabaha nyepesi.

Kariakoo inaweza kufanya nini?

Kila mfanyabiashara wa Kariakoo anajua kwamba kijana hapewi funguo za duka bila mdhamini na barua ya serikali ya mtaa. Aliyetoka Segerea au Ukonga atampata wapi mdhamini? Hapo ndipo kamati ya msikiti inapoingia: imamu amjue, wazee wawili wamdhamini, mjumbe na mwenyekiti wa mtaa waelezwe mapema, ili asionekane mtu wa kujificha.

Zaka nayo ina nafasi. Aliyetoka gerezani hana kitu ni fakiri au maskini, naye ni katika wanaostahiki. Imamu Nawawi, katika madhehebu ya Shafi yanayofuatwa na wengi wetu Pwani, ameeleza kwamba mwenye ufundi hupewa vifaa vya kazi yake na mfanyabiashara hupewa mtaji unaomfaa. Meza ya kuuza soksi au cherehani ya kushonea inaweza kumfaa kijana kuliko noti ya elfu kumi kila Ijumaa.

Na katika swaff, tusimwachie nafasi tupu kulia na kushoto. Akiona watu wanahama alipo, watu wake wa zamani wanayo namba yake ya simu.

Kwa hiyo, kwa familia iliyouliza: mpokeeni, lakini msimpokee kwa siri wala peke yenu. Mfikisheni kwa mwanazuoni mwenye elimu na subira. Kama ana jambo la kisheria, alikabili. Kama ana haki za watu, aanze kuzitafutia njia. Mpeni kazi, na mwe karibu naye kwa muda mrefu, kwa kuwa shubha iliyoingia kwa miaka haitoki kwa kikao kimoja.

Tunamwomba Allah awahifadhi vijana wetu, awape wanazuoni wetu hikima na ulinzi, na atujaalie kuwa watu ambao aliyetubu anaweza kuelekezwa kwao.

Wallahu a'lam.