Lita moja ya dizeli, uniti tatu za umeme

Kwa mfanyabiashara wa samaki kisiwani Mafia, umeme ukikatika barafu huyeyuka, na mtaji nao huyeyuka. Kwa miaka mingi kisiwa hicho kimetegemea majenereta ya dizeli.

Ndani ya silinda, hewa hubanwa mpaka ikapata moto mkali. Dizeli ikinyunyiziwa humo huwaka na kusukuma pistoni, nayo huzungusha shafti. Shafti huzungusha sumaku katikati ya nyaya za shaba, na umeme hupatikana.

Tatizo ni kwamba takriban theluthi mbili ya nguvu ya mafuta hupotea kama joto. Lita 1 hutoa uniti 3 hivi, pungufu kwa jenereta dogo. Hivyo, kabla ya kununua jenereta la mashine ya kusaga, gawanya bei ya lita kwa 3, kisha linganisha na uniti ya gridi.