Laptopu ya Zamani: Tubadili Mfumo au Tuuache?



Tangu tarehe 14 Oktoba, 2025, Microsoft iliacha kuitengeneza Windows 10 kwa watu wote. Mwenye laptopu ya mfumo huo huiwasha ikafanya kazi kama jana, na wengi huona hapana neno. Lakini nyufa zilizogunduliwa baada ya siku ile huzibwa tu kwa wale waliojiandikisha kupata nyongeza ya muda, na wezi wa mitandaoni ndizo wazitafutazo. Humo katika laptopu zetu mna hesabu za pishi walizochuma watu, kilo zilizopimwa, na fedha tunazodaiana.

Windows 11 nayo yataka kumbukumbu ya GB 4, nafasi ya GB 64, na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, ambacho mashine nyingi za zamani hazina. Ndipo watu wanaposikia habari za Linux. Kiini chake kilianza kuandikwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo kikuu huko Helsinki, Finland, nacho hutolewa bure. Wala si jambo geni Tanzania: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili.

Lakini bure peke yake si sababu. Sisi twauliza kwanza: laptopu hii yafanya kazi gani? Ikiwa ni barua, majedwali na intaneti, Linux Mint yatosha, na mashine ya GB 4 huichukua vizuri. LibreOffice, inayokuja pamoja nayo, hufungua majedwali ya Excel, ingawa yale yenye makro huweza kugoma. Ikiwa hesabu zimo katika programu iliyoundwa kwa Windows tu, basi msiguse, hata fundi aseme nini. Afadhali laptopu hiyo ikae bila intaneti, ifanye hesabu tu.

Jambo jema ni kwamba waweza kujaribu kabla ya kuamua. Fundi atie Mint katika fleshi tupu ya GB 8, kisha laptopu iwashwe kwa fleshi hiyo. Diski ya ndani haitaguswa. Itakwenda polepole, msiilaumu kwa hilo. Fungueni hesabu za mwaka jana, unganisheni intaneti, na zaidi ya yote chapeni stakabadhi moja. Printa ndiyo inayowashinda wengi. Ikinyamaza kimya, na fundi asijue dawa yake, simameni hapo hapo.

Mkiridhika, wakati wa kuuweka mfumo mtaulizwa: diski yote ifutwe, au mifumo miwili ikae pamoja? Majibu haya hayafanani hata kidogo. Kwa hiyo nakilini kila kitu mahali pawili, na nakala moja ilale nyumba nyingine. Zifungueni nakala hizo katika kompyuta ya mwenziwenu mwone kama zasomeka. Nakala isiyofunguka si nakala.

Wala msifanye kazi hii karafuu zikiwa majamvini na watu wamepanga foleni kwenye mizani. Msimu ukiisha na hesabu zikafungwa, hapo ndipo pa kuanza.