Amplifaya ya gita ikivuma, usiongeze fyuzi: badilisha kapasita

Mpwa wangu alinijia nyumbani baada ya swala ya alasiri, yeye na rafikiye wamebeba amplifaya ya gita kama wanaobeba jeneza. Ilikuwa ya marehemu babu yake, aliyekuwa akipiga gita kwenye harusi za hapa Mombasa kabla ya vinanda vya umeme kuchukua kazi yote.

"Mjomba, inavuma kama mzinga wa nyuki," akasema. "Na fyuzi zishaungua tatu. Kuna mtu ameniambia nitie fyuzi kubwa."

"Ushaitia?"

"Bado."

Nikasema alhamdulillahi. Angeitia, huenda leo tungekuwa na sanduku tupu la kuwekea nguo. Naandika haya kwa sababu amplifaya za namna hii bado zimo majumbani mwetu, uvunguni na stoo, na nyingi zinauawa na ushauri kama huo.

Amplifaya yenyewe ni Vox AC30, kazi ya Uingereza, aina iliyotoka mwisho wa miaka ya 1950 na ambayo The Shadows na The Beatles walipigia. Haina transista. Ina valvu, zile taa za kioo zinazowaka kwa ndani: nne za EL84 zinazosukuma spika, moja ya GZ34 inayogeuza umeme, na nyingine ndogo za kukuza sauti ya gita. Valvu hazitosheki na umeme mdogo. Ndani ya AC30 mna zaidi ya volti 300 za umeme wa mkondo mmoja.

Umeme wa ukutani hapa kwetu huenda mbele na kurudi nyuma mara 50 kwa sekunde. GZ34 huulazimisha uende upande mmoja tu, lakini hutoka kwa mapigo, 100 kila sekunde. Hapo ndipo kapasita inapoingia. Ifikirie kama tangi la maji juu ya paa: mferejini maji huja kwa vipindi, lakini bombani kwako yanatoka sawasawa kwa sababu tangi limehifadhi. Kapasita hujaa kila pigo likija, kisha hutoa polepole kujaza pengo. Ikichoka, mapigo yale 100 hupita mpaka kwenye spika, nawe unasikia mvumo.

Kwa nini ichoke? Kapasita kubwa za aina hii ndani yake mna karatasi nyembamba za alumini zilizokunjwa pamoja na karatasi iliyoloweshwa majimaji maalumu. Miaka ikipita majimaji hukauka. Joto huharakisha: hesabu ya mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 za joto zikiongezeka, umri wa kapasita hupungua kwa nusu. Sasa chukua valvu zinazotoa moto, zifungie kwenye sanduku la mbao, uliweke sanduku katika joto la pwani. Kapasita iliyodumu miaka 20 imejitahidi. Hii ya babu ilikuwa na nyingi kuliko hizo.

Na hapa ndipo fyuzi inapohusika. Kapasita iliyozeeka haikauki tu, wakati mwingine huanza kuvujisha umeme ndani kwa ndani. Transfoma hulazimika kutoa umeme zaidi ya uwezo wake, na fyuzi hukatika ili kuiokoa. Ukitia fyuzi kubwa, umemfukuza askari mlangoni. Kitakachoungua ni transfoma yenyewe, na transfoma ya amplifaya ya zamani huipati kwenye duka lolote la mtaani.

Kuna kosa jingine baya zaidi. Ili kuua mvumo, wengine hukata waya wa athi kwenye plagi. Mvumo pengine utapungua, lakini siku umeme ukigusa chuma cha amplifaya, njia yake itakuwa ni nyuzi za gita, mkono wa mpigaji, na mdomo wake uliogusa maikrofoni. Waya wa athi haukatwi, hata kama bwana harusi yuko mlangoni.

Kabla ya kufungua, jua kwanza mvumo unatoka wapi. Chomoa gita, teremsha sauti mpaka sifuri. Mvumo ukipotea, shida iko kwenye gita, waya wake, au sehemu za mwanzo. Ukibaki vile vile, kapasita za umeme ndizo za kushukiwa kwanza, kisha valvu za nguvu zisizolingana. Ukifungua ukaona kapasita imevimba kichwa au ina unga mweupe miguuni, huna haja ya ushahidi mwingine.

Sasa nisikilize vizuri. Kuchomoa plagi hakutoshi. Kapasita huendelea kushika umeme. Nilipokuwa kijana niliingiza mkono kwenye amplifaya iliyokwisha kuchomolewa, nikatupwa nyuma mpaka nikaangusha kabati la vyombo. Mamangu alidhani nimekufa. Tangu siku ile nina waya wenye vibanio viwili, katikati yake rezista ya omu 10,000 yenye wati 5, yote imefunikwa vizuri. Kibanio kimoja nabana kwenye chuma cha amplifaya, kingine nagusisha kwenye mguu chanya wa kapasita, nahesabu mpaka kumi, mkono mwingine uko mfukoni. Halafu napima kwa mita. Mita isiposoma karibu na sifuri, sigusi. Usitumie bisibisi kuipiga shoti: cheche zake zinaharibu kapasita na zinaweza kukuumiza macho. Na kama hujawahi kupima umeme kwa mita, kazi hii mpe fundi, wala si aibu.

Tulifanya hivi. Mpwa wangu alipiga picha kila kona kwa simu. Tukabadilisha kapasita moja moja, hatukung'oa zote kwa pamoja. Mikebe mingine ya zamani ina kapasita mbili ndani ya mkebe mmoja, kwa hivyo hesabu miguu. Chanya na hasi usizichanganye: ukiigeuza, kapasita inaweza kupasuka. Volti ziwe sawa na za zamani au zaidi, kamwe zisipungue. Pale pameandikwa 450, 350 haifai. Nunua zinazostahimili nyuzi 105, na ziwe mpya. Kapasita iliyokaa rafuni miaka 30 bila kutumika nayo imezeeka.

Usidanganyike kwamba kubwa zaidi ndiyo bora. GZ34 imewekewa mpaka wa maikrofaradi 60 kwa kapasita ya kwanza inayoifuata. Ukizidisha, kila unapowasha unaikaba valvu. Weka kipimo kile kile cha mwenyewe aliyeiunda.

Kapasita ndogo za kupitisha sauti hatukuzigusa ovyo. Tulizipima kama zinavujisha, kwa sababu ikivuja moja, valvu ya nguvu hupata moto mpaka bamba lake la ndani likawa jekundu. Tulikuta moja tu mbovu.

Wakati wa kuwasha, niliunganisha balbu ya zamani ya wati 100, ile ya waya wala si ya LED, katika njia ya umeme kuingia kwenye amplifaya. Spika tuliiacha imeunganishwa, maana amplifaya ya valvu haiwashwi bila spika. Balbu ikiwaka kwa mwanga wake wote na kubaki hivyo, kuna shoti, zima. Yetu iling'aa, kisha ikafifia. Tukaiondoa balbu, tukatia fyuzi ya kipimo kilichoandikwa nyuma ya sanduku, si zaidi.

Tukasubiri valvu zipate moto. Kimya. Mpwa wangu alidhani haijawaka, akainama kuangalia kama taa ya mbele inawaka. Kisha akagusa waya mmoja wa gita, na sauti ikatoka safi mpaka mama yake akachungulia dirishani. Akasema, "Hiyo ndiyo sauti ya baba."

Gharama yote ilikuwa kapasita chache, lehemu kidogo na alasiri mbili. Kama unayo moja stoo, usiichomeke ukutani leo kujaribu. Mwite fundi aifungue kwanza.