Samaki Wazima, Mboga Njano: Kosa Huanzia Kwenye Mizani ya Chakula

Mkulima ananunua tangi la lita 1,000, anaweka vifaranga vya perege, anaunganisha bomba na pampu, kisha anapanda sukuma wiki kwenye kitalu cha kokoto. Mwezi mmoja baadaye samaki wanaruka ruka vizuri tu, lakini mboga zimedumaa na majani ni ya njano. Wengi wakifika hapo hukimbilia kuongeza samaki. Haipiti wiki wanaanza kuokota waliokufa.

Mfumo huu, akwaponiki, wa kufuga samaki na kulima mboga kwa maji yale yale, unasifiwa kwa sababu hautaki shamba kubwa wala maji mengi. Kinachosahaulika ni kwamba karibu mbolea yote ya mboga inapitia kwanza mdomoni mwa samaki. Samaki anakula, kisha anatoa amonia, ambayo ni sumu kwake mwenyewe. Bakteria wanaoishi kwenye kokoto wanaigeuza kuwa nitriti, nayo ni sumu vilevile, halafu nitrati. Hiyo ya mwisho ndiyo chakula cha mboga.

Bakteria hao hawanunuliwi na samaki. Huchukua kama wiki 4 hadi 6 kuzaliana vya kutosha, na baridi ikiwepo huchukua muda zaidi. Ndiyo maana tangi jipya likijazwa samaki mara moja linageuka kaburi.

Kwa hiyo cha kuhesabu si idadi ya samaki bali gramu za chakula kinachoingia kwa siku. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO), katika mwongozo wake wa mwaka 2014, linashauri gramu 40 hadi 50 za chakula kila siku kwa kila mita ya mraba ya mboga za majani. Nyanya na pilipili hoho zinahitaji zaidi, gramu 50 hadi 80.

Chukua kitalu cha mita 4 za mraba za sukuma wiki. Kinataka gramu 160 hadi 200 kwa siku. Perege waliokua hula kama asilimia 1 hadi 2 ya uzito wao, hivyo zinahitajika kilo 8 hadi 20 za samaki, ambazo tangi la lita 1,000 linazibeba.

Sasa mrudie yule mkulima wa mwanzo. Vifaranga 50 vya gramu 10 ni nusu kilo tu. Hata vikila asilimia 5 ya uzito wao, ni gramu 25 kwa siku. Hiyo inatosha nusu mita ya mraba, naye amepanda mita 4! Dawa yake ni kupanda kidogo, kisha kuongeza miche kadiri samaki wanavyokua.

Kosa la pili hutokea siku ya furaha, siku ya kuvua. Samaki wote wakienda sokoni kwa mpigo, mboga zinalala njaa. Wanaovuna mwaka mzima huweka samaki wa rika mbili au tatu, wakiwatenga wadogo ili wasiliwe na wakubwa. Wanavua wachache kwa zamu na kuingiza wengine, hivyo chakula cha siku hakishuki ghafla. Mboga nazo hupandwa kwa zamu.

Kumwaga chakula kingi ili mboga zishibe haraka hakusaidii. Kinachobaki baada ya dakika 30 kinafaa kutolewa, maana kikioza kinaongeza amonia na kumaliza hewa majini. Kipimo cha maji kikionyesha amonia au nitriti imepita miligramu 1 kwa lita, samaki wasilishwe kwanza, na sehemu ya maji ibadilishwe. Maji ya bomba yenye klorini yakae kwanza siku moja au mbili kwenye ndoo iliyo wazi.

Rangi ya njano nayo ina maana zaidi ya moja. Yakianza majani ya chini, yale makuukuu, mara nyingi ni upungufu wa nitrojeni, na hapo ndipo hesabu ya chakula inahusika. Yakiwa majani machanga ndiyo ya njano huku mishipa ikibaki kijani, kinachokosekana ni madini ya chuma, ambayo chakula cha samaki huwa nayo kidogo. Hapo kuongeza samaki ni kupoteza pesa. Hutiwa chuma maalumu cha mimea kinachoyeyuka majini, na pH huangaliwa ibaki kati ya 6 na 7, kwa sababu ikipanda sana mmea hauwezi kukinyonya hata kama kipo.

Umeme nao usipuuzwe. Pampu ikizima usiku, alfajiri samaki wanaonekana juu wakitwetea. Pampu ndogo ya hewa yenye betri ni bei nafuu kuliko tangi zima la samaki waliokufa.

Wadudu wakivamia sukuma wiki, dawa ya dukani haifai hata kidogo, kwa sababu inayodondoka kwenye kokoto inaishia kwenye tangi. Vidukari huoshwa kwa maji ya kasi, na jani lililoshambuliwa sana hukatwa likatupwa mbali na kitalu.